Weka Penseli Pale

Tumeitandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe moja imekandamizwa na kikopo cha chumvi,
nyingine na miwani ya Fidencio, isiyomsaidia tena.
Jumamosi, daktari apende asipende, tunapanda.

Usukani nitashika mimi.
Nina miaka sitini na minane, na mlima huu
nimeupita siku zote upande wa abiria,
nikimenya machungwa, nikimlisha dereva:
kwanza baba, halafu marehemu mume wangu, halafu huyu kaka
aliyeuondolea theluji kwa majira thelathini ya baridi
na sasa haoni hata mvuke wa kahawa yake.

"Jaza tangi Antonito," ananiambia,
"huko juu hakuna wa kukuuzia hata njiti ya kiberiti.
Fuata Mto Conejos mpaka barabara iuchoke, iuache, ianze kupanda.
Na breki usizikanyage kama mtu anayeua mende.
Shusha gia. Liache gari likohoe."

Binti yake Delfina amepiga simu kutoka Denver:
shangazi, simu yako itawaelekeza,
kuna sauti ya mwanamke mpole, inataja kila kona.
Fidencio anacheka mpaka machozi.
"Muulize huyo mpole, ameendesha katapila la theluji mwaka gani?"

Kisha ananihesabia kona kwa vidole, macho amefumba,
kama mtu anayewaita watoto wake waje kula:
ile inayojikunja ghafla kama mkia wa paka,
ile ya kivuli, ambako barafu hulala mpaka mwezi wa tano,
ile ambayo ukiipinda tu, bonde zima linakuangukia usoni,
njano tupu, Eloisa, njano...
Anasita. "Majani yamegeuka?"
"Yameanza," nasema. Sijui. Sijatazama.

Naandika: thermosi mbili, blanketi, tairi la akiba lijazwe upepo,
tortiya za maharage na pilipili mbichi,
dawa ya matone, saa nne na saa kumi.
Cumbres, kando ya reli, tutasimama
tulisikie treni la makaa likipanda na watalii wake.
Hapa, msitu wa aspeni, ambamo baba alichunga kondoo wa watu
akachonga jina lake kwenye gome jeupe kwa kisu cha mfukoni.
Gome hukua. Jina litakuwa limenenepa,
herufi nyeusi, pana, zenye makovu kando.
Fidencio anasema atalisoma kwa kidole gumba.

"Na hapa?"
Penseli yangu imetua chini kidogo ya La Manga,
kwenye mteremko usio na jina.
Friji inanguruma, inanyamaza.
Ameshajua nilipo: amesikia penseli imesafiri umbali gani.

Ndipo theluji iliporomoka ikamchukua Belarmino
asubuhi moja ya Februari, katika zamu waliyobadilishana
kwa sababu Fidencio alikuwa anaumwa jino.
Jino tu. Miaka thelathini na minne hajalitaja.
Kila alipopita pale alizima redio,
nasi nyuma tulidhani ni mlima unaokata mawimbi.

"Hapo usisimame."
Nafuta. Napuliza chembe za kifutio sakafuni.
Narudi kwenye petroli, nakokotoa maili,
nakosea, nakokotoa tena.

Saa tano usiku nakwenda kuzima taa, bado amekaa,
kiganja juu ya ramani
kama juu ya paji la mtoto mwenye homa.
"Eloisa. Weka penseli pale pale.
Dakika tano. Uzime injini."

Nachora duara dogo. Karatasi pale imelainika,
imebaki kidogo itoboke.

Halafu, kana kwamba ndilo jambo kubwa la usiku huu,
anauliza kama nimeandika machungwa.
Nimesahau. Naandika: machungwa.
"Safari hii," anasema, "namenya mimi."